Gari la Kuvuta kwa Magurudumu Manne Katika Nchi ya Milima na Theluji

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa kwa ajili ya wenye magari na wale wanaotazamia kuyanunua. Tunayachapa kama yalivyosemwa.)

Leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo kwa mara ya kwanza laweza kuonekana kuwa si letu, nalo ni namna ya kumiliki na kutunza motakaa yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne katika nchi ya milima na theluji. Huenda mmoja wenu akauliza, "Theluji yatuhusu nini sisi? Theluji yetu iko juu kabisa ya Mlima Kenya, wala hakuna barabara ya motakaa ifikayo huko." Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba watu wetu wengi siku hizi wanaishi katika nchi za namna hiyo. Tuchukue jimbo la Colorado, huko Marekani. Katika mji wa Colorado Springs wamefanya mazoezi wakimbiaji kadha wa kadha waliozaliwa Kenya, na katika miji ya Denver na Aurora ziko jamaa zilizotoka Afrika ya Mashariki na Kongo, ambazo nyumbani mwao husema Kiswahili. Kijana aliyezaliwa Kisii au Bukavu hujikuta siku moja mbele ya mwuza magari, naye huambiwa kwamba huku kuna theluji, basi anunue gari la kuvuta kwa manne na hatapata taabu.

Sababu ya pili ni kwamba magari mengi yanayoshushwa katika bandari ya Mombasa yamekwisha kutumika Japani, nchi ambayo sehemu zake za kaskazini na za milimani hupata theluji nyingi mno. Gari kama hilo laweza kuja na madhara ya theluji hata kwa mtu ambaye hajaiona theluji tangu kuzaliwa.

Neno langu kubwa leo ni hili: nguvu za magurudumu manne humsaidia mtu kuondoka na kupanda, lakini hazimsaidii kusimama. Lishikalo barabara ni mpira, na mwenye kuuongoza mpira huo ni dereva. Mtu asiyelifahamu jambo hili hutoa fedha nyingi, kisha huliharibu gari lake, au hupoteza maisha yake ndani yake.

NGUVU ZA INJINI HUFIKAJE MAGURUDUMUNI

Katika motakaa ya kawaida injini huzungusha magurudumu mawili tu, ama ya mbele ama ya nyuma. Mawili yale yakikanyaga mahali penye utelezi huzunguka bure, na gari halisogei. Katika gari la kuvuta kwa manne nguvu ile ile hugawanywa, kila mpira ukachukua mzigo mdogo zaidi. Ni sawasawa na gunia linalobebwa na watu wanne badala ya wawili: kila mmoja hulemewa kidogo, wala hatelezi upesi.

Jambo hili si geni kwetu. Land Rover, ambayo ilionyeshwa kwa watu kwa mara ya kwanza mwaka 1948, ilijulikana sana katika mashamba na njia za matope za nchi yetu. Dereva wa Land Rover ya kale alikuwa na fimbo ya kuunganisha magurudumu ya mbele akifika matopeni, na alipofika barabara kavu ilimpasa kuyaachisha. Sababu yake ni kwamba gari likikata kona, kila gurudumu huenda mwendo wake: la nje huenda mbali kuliko la ndani, na ya mbele huenda mbali kuliko ya nyuma. Kama ya mbele na ya nyuma yamefungwa pamoja juu ya barabara kavu isiyoteleza, hushindana, na meno ya chuma yaliyo baina yao huumia.

Watu wa nchi za theluji walitaka gari litakalowavusha milimani, na tena liwe na joto na raha kama motakaa ya mjini. Huko Japani kampuni ya umeme ya Tohoku ilihitaji gari la namna hiyo kwa wafanyakazi wake waliokagua nyaya za umeme katika milima yenye theluji. Kutokana na haja hiyo Subaru iliunda gari la namna hiyo, na mwaka 1972 ikaanza kuuza gari dogo liitwalo Leone lenye kuvuta kwa manne. Mwaka 1980 Audi ya Ujerumani ilionyesha Geneva gari lake liitwalo quattro, ambalo magurudumu yake yote manne yalivuta daima, katika barabara kavu na yenye utelezi.

Ili gari liweze kuvuta kwa manne daima bila kujiumiza, mafundi huweka kifaa katikati, baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Katika magari mengine kifaa hicho ni difu ya tatu, na katika mengine ni sahani nyingi zinazobanana ndani ya mafuta. Kazi yake ni kuruhusu ya mbele na ya nyuma yasilingane kidogo gari linapokata kona. Nawaomba mkikumbuke kifaa hiki, kwa sababu ndicho kinachokufa kwa uzembe wa mwenye gari.

KUONDOKA NI JAMBO MOJA, KUSIMAMA NI JINGINE

Motakaa zote zina breki katika magurudumu manne. Ile inayovuta kwa mawili ina breki nne, na ile inayovuta kwa manne ina breki nne. Kwa hiyo aliyenunua gari la kuvuta kwa manne hakununua hata breki moja zaidi.

Tufanye hesabu kidogo. Gari linakwenda kilomita 60 kwa saa, na dereva anakanyaga breki kwa nguvu. Juu ya lami kavu litahitaji kiasi cha mita 20 kusimama, bila kuhesabu ule muda wa dereva kuona hatari na kuinua mguu. Juu ya theluji iliyoshindiliwa na magari mengine litahitaji karibu mita 60. Juu ya barafu tupu laweza kupita mita 140, nao ni mwendo unaozidi urefu wa kiwanja cha kandanda.

Hapa ndipo ulipo mtego. Mwenye gari la kuvuta kwa mawili huonywa na gari lake mwenyewe. Akitaka kuondoka nyumbani asubuhi magurudumu huteleza, naye hutambua kwamba barabara ni mbaya na huenda polepole. Mwenye gari la kuvuta kwa manne huondoka vizuri kana kwamba hakuna theluji. Hushika mwendo wake wa kila siku, na utelezi huutambua kwa mara ya kwanza pale anapotaka kusimama. Wakati huo ameshachelewa. Ndiyo sababu katika njia za milimani mara nyingi huonekana magari makubwa ya kuvuta kwa manne yamelala mtaroni.

Basi dereva wa gari kama hili hana budi kujipima mwenyewe. Afikapo mahali palipo salama, pasipo na gari nyuma yake, na akanyage breki kidogo katika mwendo mdogo, apate kujua barabara inashika namna gani. Kisha aache nafasi kubwa baina yake na gari lililo mbele, mara tatu au nne ya nafasi aliyozoea. Mwenda pole hajikwai.

MPIRA NDIO UNAOSHIKA

Mpira wa kawaida wa kiangazi huwa mgumu baridi inaposhuka chini ya kiasi cha digrii 7 za Selsiasi. Ukiwa mgumu haushiki barabara, hata kama ni mpya. Mpira wa baridi hutengenezwa kwa namna ambayo hubaki laini katika baridi, na meno yake yamechanjwa michanjo mingi midogo ya kuing'ata theluji. Alama yake ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ndani yake chembe ya theluji. Mipira mingine ina herufi M na S peke yake, maana yake matope na theluji, lakini herufi hizo husema habari za umbo la meno tu, nazo hazithibitishi kwamba mpira umejaribiwa katika theluji kama alama ya mlima inavyothibitisha.

Gari la kuvuta kwa mawili lenye mipira minne mizuri ya baridi husimama upesi zaidi, na hukata kona kwa salama zaidi, kuliko gari la kuvuta kwa manne lenye mipira ya kiangazi. Mtu mwenye fedha chache na azijue njia mbili hizi kabla ya kufungua mfuko wake.

Hata sheria ya Colorado imelitambua jambo hili. Mji wa Denver una kimo cha futi 5,280, yaani kiasi cha mita 1,609, nacho kinakaribia kimo cha Nairobi. Lakini Denver uko mbali na Ikweta, na kutoka hapo barabara kuu ya namba 70 huelekea magharibi na kupanda mlimani mpaka handaki la Eisenhower, lililo juu ya futi 11,000, yaani kiasi cha mita 3,400 juu ya bahari. Handaki hilo lilifunguliwa mwaka 1973, na tundu lake la pili mwaka 1979. Hapo kale magari yote yalipita juu ya mlima katika njia ya Loveland. Ng'ambo ya handaki iko miji ya watu wanaokwenda kuteleza juu ya theluji, na katika mahoteli yake hufanya kazi watu wa mataifa mengi, Waafrika wakiwamo.

Katika sehemu ya barabara hiyo iliyo baina ya Morrison na Dotsero, iko sheria ya mwaka 2019 inayotumika tangu tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei. Sheria hiyo haitosheki na gari kuvuta kwa manne peke yake. Hudai vile vile meno ya mipira yawe na kina kisichopungua sehemu 3 za 16 za inchi, karibu milimita 5. Mpira mpya wa kawaida una kina cha kiasi cha milimita 8. Kwa hiyo mpira ambao katika barabara kavu ungeonekana bado una maisha, huko mlimani umekwisha. Mwenye kuvunja sheria hutozwa faini, na faini huwa kubwa zaidi gari lake likikwama na kuwazibia wengine njia.

MIPIRA MINNE NI KITU KIMOJA

Sasa nakirudia kile kifaa cha katikati. Wengi wetu tumezoea kununua mpira mmoja mmoja: huu umepasuka, basi tutafute mmoja, hata wa aina nyingine, gari liende. Katika gari la kuvuta kwa manne desturi hiyo huleta hasara kubwa.

Tazameni hesabu hii. Mpira mpya wenye mzingo wa mita 2.1 huzunguka mara 476 katika kilomita moja. Mpira wa namna ile ile uliolika milimita 5 umepungua mzingo, nao huzunguka mara 483. Tofauti ni mizunguko 7 katika kila kilomita, na katika safari ya kilomita 100 ni mizunguko 700. Gari huona kana kwamba linakata kona daima, hata likiwa katika barabara iliyonyoka. Vifaa vya kati husuguana bila kupumzika, mafuta yake hupata moto, na mwisho huungua. Kutengeneza madhara hayo ni kazi ya fundi mkubwa, na gharama yake hupita mbali bei ya mipira minne.

Kwa sababu hiyo watengenezaji hutaka mipira yote minne iwe ya aina moja, ya ukubwa mmoja, na iliyolika sawasawa. Subaru, kwa mfano, huonya kwamba mizingo isipitane zaidi ya robo inchi. Mpira mmoja ukiharibika nayo mingine imelika, mwenye gari na anunue yote minne, au atafute mpira uliotumika wenye kina kile kile cha meno. Huko Marekani wako wenye maduka wanaoweza kuuchonga mpira mpya kwa mashine mpaka ulingane na mingine. Tena, kila baada ya kilomita 8,000 hivi, mipira ibadilishwe nafasi zake, ya mbele na ya nyuma, ili ilike pamoja.

Upepo nao ni wa kupimwa mara kwa mara. Baridi ikishuka digrii 5 au 6 za Selsiasi, upepo wa mpira hupungua kiasi cha ratili 1 kwa inchi mraba. Gari lililojazwa upepo katika mchana wa joto la Septemba litakuwa na upepo haba asubuhi ya Desemba, ingawa hakuna mpira uliotoboka.

Na likitokea la kuvutwa, gari hili halifai kuinuliwa magurudumu mawili huku mawili mengine yakiburuzwa chini. Agizeni lori la kulibeba zima, magurudumu yote manne yakiwa juu.

KUSHUKA MLIMA

Kupanda kwataka nguvu, na nguvu unazo. Hatari iko katika kushuka. Barabara ile ya namba 70 ina miteremko ya asilimia 6 na 7, na kando yake zimejengwa njia za pembeni zilizojazwa changarawe ili kuokoa malori yaliyokosa breki. Dereva na atie gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, injini izuie mwendo, na breki aziguse kwa vipindi tu. Anayekanyaga breki mfululizo tangu kileleni atazikuta zimepata moto bondeni, nazo hazitashika.

Kabla ya kona punguza mwendo, kisha ukate kona bila kukanyaga breki. Mpira una kazi moja tu ambayo huiweza vizuri kwa wakati mmoja katika utelezi: ama kusimamisha, ama kugeuka. Gari likianza kuteleza, inua mguu katika mafuta, tazama mahali unapotaka kwenda, na uelekeze usukani huko polepole. Magari ya siku hizi yana breki zisizofunga magurudumu. Pedeli ikitetemeka chini ya mguu, usiogope wala usiachie. Ndiyo kazi yake. Endelea kukanyaga kwa nguvu.

Liko na gari la umeme, ambalo huvuta kwa manne kwa mota mbili, moja mbele na moja nyuma. Halina zile sahani za katikati, lakini utelezi wa barabara hauulizi nguvu zimetoka wapi. Kanuni ya mpira na ya breki ni ile ile.

BARIDI NA VYOMBO VYA GARI

Baridi kali huipunguza betri nguvu. Inapofika digrii 18 chini ya sifuri, betri hupoteza kiasi cha nusu ya nguvu zake au zaidi, na wakati huo huo mafuta ya injini yamekuwa mazito na injini yataka nguvu nyingi zaidi ili iwake. Betri iliyokuwa na kasoro ndogo wakati wa joto itakufa asubuhi ya kwanza ya baridi kali. Na ipimwe kabla ya majira kuanza.

Katika radieta usitie maji matupu. Maji yakiganda hutanuka, na yanaweza kupasua chuma cha injini. Dawa ya kuzuia kuganda ikichanganywa na maji nusu kwa nusu hustahimili baridi mpaka kiasi cha digrii 37 chini ya sifuri. Vile vile maji ya kuoshea kioo na yawe yale yasiyoganda, maana magari ya mbele hurusha tope la theluji na chumvi, na dereva aweza kupofuka ghafula. Kioo kikifunikwa na barafu, kwangueni. Msikimwagie maji ya moto, kitapasuka. Na kabla ya kuondoka ondoeni theluji juu ya taa, na juu ya paa pia, isije ikamwangukia dereva machoni akishika breki.

Gari la kuvuta kwa manne lina mafuta mahali pengi kuliko motakaa ya kawaida: katika injini, katika giaboksi, katika difu ya mbele na ya nyuma, na mara nyingi katika kisanduku cha katikati. Wengi hubadilisha ya injini na kuyasahau mengine mpaka waanze kusikia mlio. Kitabu cha gari husema kila mafuta yabadilishwe lini. Anayepanda milima kila juma na ayabadilishe mapema kuliko yule anayetembea katika nchi tambarare.

CHUMVI ILAYO CHUMA

Ili kuyeyusha barafu, watu wa barabara humwaga chumvi na dawa nyingine za jamii ya chumvi. Huko Colorado hutumia sana ile iitwayo magnesiamu kloridi. Dawa hii huokoa maisha ya watu, lakini hula chuma. Hujificha chini ya gari, katika mabomba ya breki, katika springi, na katika viungo vya fremu. Rangi ya juu yaweza kung'aa huku chini gari linakwisha.

Tiba yake si ngumu. Wakati wa theluji gari lioshwe chini yake kila juma moja au mawili kwa maji ya nguvu, siku ambayo baridi si kali. Mahali palipochubuka rangi na pakwanguliwe na kupakwa mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na bomba la breki lililoliwa na kutu halitoi taarifa, hupasuka siku ile utakapokanyaga kwa nguvu zaidi.

UKIKWAMA

Wakati mwingine hata dereva mwangalifu hukwama, ama kwa dhoruba ama kwa ajali iliyofunga njia. Katika gari na kuwe na blanketi, tochi, beleshi, maji, chakula, mfuko wa mchanga wa kutia chini ya magurudumu, na minyororo ya mipira ambayo dereva amejifunza kuifunga akiwa nyumbani, wala si gizani katika upepo.

Kaa ndani ya gari, maana wengi waliotoka kwenda kutafuta msaada katika dhoruba walipotea. Lakini jihadhari sana na moshi. Theluji ikiziba ekzosi, hewa ya sumu hurudi ndani ya gari. Hewa hiyo haina harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa wamelala. Kwa hiyo kabla ya kuwasha injini toka uondoe theluji katika ekzosi, fungua dirisha kidogo upande usio na upepo, na uwashe injini kwa dakika 10 hivi katika kila saa, usiiache ikinguruma usiku kucha.

KWA WANAONUNUA MOMBASA

Sasa nasema na ninyi ambao hamtavuka bahari, bali magari yatavuka kuja kwenu. Kenya haikubali kuingizwa gari lililotumika zaidi ya miaka 8. Sheria hiyo ni nzuri, lakini miaka 7 katika chumvi ya kaskazini ya Japani yatosha kabisa kula chuma. Kwa hiyo fanyeni mambo manne.

Kwanza, ombeni karatasi ya mnada wa Japani. Katika karatasi hiyo herufi S huonyesha kutu, na herufi C huonyesha chuma kilicholiwa zaidi. Pili, ingieni chini ya gari na tochi, au mpelekeni fundi mnayemwamini. Tazameni mabomba ya breki na fremu, na mkiona rangi nyeusi mpya imepakwa chini pote, ulizeni inaficha nini. Tatu, tazameni mipira. Ikiwa ni mipira ya theluji, jueni kwamba juu ya lami ya moto ya Mombasa au Nairobi ni laini mno, italika upesi, na haishiki vizuri katika breki za ghafula. Hesabuni bei ya mipira minne mipya kuwa ni sehemu ya bei ya gari.

Nne, lijaribuni gari mahali pakavu, tambarare. Zungusheni usukani mpaka mwisho na mwende polepole katika duara. Gari zima huzunguka laini. Likishikashika, au likaruka kidogo kidogo kana kwamba mtu ameshika breki, basi kile kifaa cha katikati kimeumia, yumkini kwa sababu mwenyewe wa kwanza alichanganya mipira. Msilipe fedha mpaka fundi amekwisha kulikagua.

Mabwana na Mabibi, wengi wenu mna ndugu katika nchi hizo, nanyi huandikiana nao kila juma. Mkiambiwa kwamba wamenunua gari la kuvuta kwa magurudumu manne, wapeni hongera, kisha waulizeni swali moja: "Mipira yake ni ya namna gani, nayo imebaki na meno kiasi gani?" Kama hawajui, waambieni waende nje wakapime leo hii, kabla theluji haijaanguka.